Kodi imetumwa, lakini si ile

Naandika vidole bado vinatetemeka, na naandika kwa sababu Redio ameshanitangulia. Redio si jina lake, ni kazi yake. Tunapakana vyumba hapa Kawempe, Kampala, na tangu jana usiku ametangazia watu kwamba nimemwandikia Hajati mwenye nyumba barua ya mapenzi kwa kompyuta. Asubuhi hii kijana wa rolex, ile chapati ya mayai, amenikunjia chapati huku anacheka peke yake. Basi sikieni habari kamili, ambayo kwa bahati mbaya ni mbaya kuliko ya Redio.

Ile programu ya modemu mnaijua, nimewachosha nayo tangu mwaka uanze. Kwa mgeni: inapokea jumbe za simu kupitia modemu na kuziandika kwenye kompyuta. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Ukizidi hapo unakatwa vipande, na kila kipande kinabakiwa na herufi 153 tu, kwa sababu nafasi iliyobaki inabeba namba ya kipande ili simu ijue kipi kinaunganishwa na kipi. Programu yetu haikuwa inaunganisha chochote. Kila kipande iliona ni ujumbe mzima.

Aliyegundua ni Hajati, si mimi. Ana duka la vitenge na pesa za simu, ukuta mmoja na chumba changu, na mimi ndiye nilimwekea kompyuta yenye programu hiyo. Siku moja akaja na daftari kwapani. Hajati alizaliwa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, marehemu mumewe alikuwa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina mambo ya tafadhali. "Karatasi inasema arobaini na moja. Kompyuta yako inasema hamsini na tatu. Mwizi nani?"

Nikatengeneza viraka vinne, yaani faili za mabadiliko ya programu. Mradi wa programu hiyo hupokea viraka kwa barua pepe tu, kama wanavyofanya watu wa kiini cha Linux hadi leo. Msinianze na maneno ya "mbona ushamba". Una sababu zake. Git ni programu ya kutunza mabadiliko ya programu nyingine: `git format-patch` inageuza kila badiliko kuwa faili moja, `git send-email` inaituma kama maandishi matupu, na upande wa pili mtu anakishona kwa `git am` bila kufungua ukurasa wowote. Ukikibandika kiraka kwenye dirisha la barua la kivinjari, tabo zinageuka nafasi, mistari mirefu inakatwa, na kiraka cha namna hiyo hakishoneki tena. (Wewe uliyeniuliza kwa nini yako inasema `send-email` si amri ya git: kwenye Ubuntu na Debian iko kwenye kifurushi chake, `git-email`. Kisakinishe. Na kama unatumia Gmail, seva ni `smtp.gmail.com`, mlango 587, usimbaji `tls`, na nywila si ile yako ya kila siku. Washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili, kisha watakupa nywila ya programu yenye herufi 16.)

Toleo la kwanza nilituma, likarudishwa. La pili nikatuma, msimamizi wa mradi akasema limekaribia, ila: nani aligundua tatizo? Mtaje, ndiyo heshima. Kweli kabisa. Nikaongeza mstari wa `Reported-by: Hajati` kwenye viraka vyote vinne, na anwani yake ya imeili pembeni. Anwani ninayo, nilimfungulia mwenyewe.

Hapo nilikuwa nimesahau jambo moja, na mnaojua mmeshashika vichwa. `git send-email` ikiona mstari wowote unaoishia na `-by` wenye anwani ndani yake, inamwongeza huyo mtu kwenye wanaopelekewa nakala. Zamani iliangalia `Signed-off-by` na `Cc` tu, lakini tangu Git 2.20 ya mwaka 2018 inaokota wote. Yaani nilidhani nimeandika shukrani, kumbe nimeandika mwaliko.

Kosa la pili. Toleo la tatu nililitengeneza hivi:

`git format-patch -4 -v3 --cover-letter -o tuma/`

`-o tuma/` inaweka faili kwenye folda hiyo. Haifuti zilizokuwemo. Humo ndani kulikuwa na viraka vinne vya toleo la kwanza, vinne vya la pili, na vinne vya la tatu pamoja na barua ya utangulizi. Kumi na tatu. Kisha mimi, badala ya kuandika `tuma/v3-*.patch`, nikaandika `tuma/` basi. Ukiipa git folda, inatuma kila faili iliyomo, kwa mpangilio wa majina.

Kosa la tatu ndilo linaniuma. Barua ya utangulizi inakuja na sehemu mbili za kujaza, `*** SUBJECT HERE ***` na `*** BLURB HERE ***`. Ukisahau kubadilisha ya juu, git inagoma kutuma. Ukisahau ya chini, haisemi kitu, haiangalii kabisa. Mimi ya juu nilijaza vizuri, kwa Kiingereza cha kuvaa tai. Ya chini nilikuwa nayo wazi wakati Redio ananitumia ujumbe kwamba Hajati ameanza kuzunguka vyumba anakusanya kodi, na nina tabia mbovu ya kuandika mawazo yangu popote palipo wazi. Nikaandika humo. Nikahifadhi. Nikaenda kuteka maji.

Sasa twende polepole, maana hapa Redio hakuwepo na hana anachojua.

Saa tatu na dakika kumi usiku. Sigiri iko mlangoni, maharagwe yanachemka. Naandika amri. Git inanionyesha barua ya kwanza na kuuliza kama itume. Herufi za kuchagua ni tano: `y` ndiyo, `n` hapana, `e` niirekebishe kwanza, `q` niache yote, na `a` zote zilizobaki bila kuniuliza tena. Kichwa cha barua kinasema `[PATCH 1/4]`. Hakisemi v3. Hakisemi 0/4. Git ya watu imenipa kila ishara, imebaki kunishika mkono tu. Mimi nikanusa maharagwe yanashika chini, nikabonyeza `a`, nikaruka mlangoni.

Nikakoroga. Nikaongeza maji kikombe kimoja. Nikaonja chumvi. Mnisamehe, nilionja mara mbili.

Narudi, skrini inatiririka. Intaneti ni ya simu, kila barua inachukua kama sekunde tatu, na mwisho wa kila moja kuna namba 250, maana yake seva imepokea. Naona `[PATCH 3/4]`, 250. Vizuri. `[PATCH 4/4]`, 250. Vizuri, tumemaliza, tule.

`[PATCH v2 1/4]`.

Nikasimama na mwiko mkononi. Nikajiambia labda inaonyesha tu historia. (Historia gani? Hakuna kitu kama hicho. Akili ikiogopa inavumbua programu zake.) v2 2/4. v2 3/4. Barua za wiki tatu zilizopita zinaelekea tena kwa watu walewale waliozikataa, na zote zimejipanga kama majibu ya ile ya kwanza, maana ndivyo git inavyozifunga kama humwambii vingine. v2 4/4.

Kisha ukatokea mstari huu, na leo nikifumba macho nauona:

`(body) Adding cc: Hajati`

Yaani imepekua mwilini mwa barua, imemkuta. Mwilini mwa barua ya utangulizi! Mstari wa shukrani nilikuwa nimeubandika na humo pia nisije nikausahau.

Kuna vitufe viwili, Ctrl na C. Nimevibonyeza maisha yangu yote kusimamisha mambo yasiyo na madhara. Jana havikunijia kabisa. Unajua nilichofanya? Nilichomoa waya wa chaja ukutani. Kwa nguvu, kama mtu anayeokoa nyumba isiungue. Laptopu ikapunguza mwanga kidogo, ikaendelea kutuma kwa raha zake, kwa sababu ina betri mpya. Betri niliyonunua Jumanne kwa pesa ya kodi.

250.

Chumba hiki, wenyewe wanakiita muzigo, ukuta wake ni tofali moja. Simu ya Hajati huwa imepandishwa sauti hadi mwisho ili asipitwe na malipo.

Ting.

Nikaganda. Mwiko ukadondosha mchuzi kwenye vitufe.

Barua ilisema hivi, neno kwa neno, chini ya kile kichwa cha Kiingereza cha tai:

"Hapa eleza v3 ina nini kipya. Hajati akija leo: 1. Mtandao wa benki umelala (nimetumia Machi). 2. Msiba wa mjomba (mara mbili tayari, wajomba wamekwisha, jaribu shangazi). 3. Mteja hajalipa. AMELIPA JUMATATU, usiseme mbele ya Redio."

Ting. v3 1/4. Ting. Nikaanza kuhesabu kama mtu anayehesabu viboko. Ting. Ting. Tano. Kisha kimya, na katika kile kimya nikasikia upande wa pili mtu anavuta kiti, anavaa miwani. Miwani haina sauti, najua. Niliisikia.

Kilichofuata nakipitisha haraka. Kandambili, mlango, kodi ya miezi miwili ikalipwa kwa simu nikiwa nimesimama, masalio yangu sasa ni shilingi 3,400. Elfu ishirini za mabugo, yaani rambirambi, alizochanga Hajati kwa mjomba wa kwanza nimezirudisha, za mjomba wa pili nitarudisha Ijumaa. Maharagwe yaliungua.

Ningeweza kuishi na hayo. Lakini Hajati kabla hajatoka dukani alikuwa ameshanijibu kwa maandishi, na alibonyeza kujibu wote. Kwa hiyo watu wa mradi, walio nchi sita tofauti, walipokea barua yenye swali: "Na mjomba wa pili alikufa lini?" Mnaoniandikia kuniuliza kama naweza kuifuta, barua pepe haina kamba ya kuivuta nyuma. Ikishapewa 250 ni mali ya watu.

Redio naye akanitumia: "Hajati anasema umemtumia kodi mara tano na haijaonekana hata shilingi." Hiyo ndiyo sentensi aliyoigeuza barua ya mapenzi. Nimekwisha mwambia kwamba neno la kodi kwa maana ya programu tuliache, tuseme msimbo, kabla halijaua mtu.

Msimamizi wa mradi alijibu asubuhi kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi. Aliuliza asome toleo lipi kati ya hayo matatu. Akaniambia kwa adabu kwamba amepitisha utangulizi wangu kwenye mashine ya kutafsiri, na kwamba ananipa pole kwa wajomba.

Toleo la nne limekwenda leo mchana, na nililituma kama mtu anayebeba mayai kwenye boda. Kwanza `rm -r tuma/`, folda yote, ndipo nikatengeneza upya. Kisha `git send-email --dry-run tuma/v4-*.patch`, inayoonyesha kila kitu, kichwa, anwani na wote wa nakala, bila kutuma hata herufi. Nikaisoma yote kwa sauti. Nimeweka pia `git config --global sendemail.confirm always`, iwe inaniuliza hata pale ambapo isingeniuliza, ingawa mniambie ukweli, hilo linasaidia nini kwa mtu ambaye kidole chake kinapenda `a`? Kinachosaidia ni `--suppress-cc=misc-by`, inayoiambia git iwaache hao wa `-by` majumbani kwao isipokuwa waliotia saini. Jina linabaki kwenye kiraka, barua haiendi. (Na wewe unayeandika siri zako chini ya vile vistari vitatu `---` ukidhani hazionekani: `git am` inazitupa wakati wa kushona, lakini kwenye barua zinasomwa na kila mtu.)

Ila Hajati hakukubali kuachwa majumbani. Amesema yeye ndiye aliyegundua, kwa hiyo aletewe. Nikamweka kwenye `--cc` kwa mkono wangu mwenyewe. Ting zikalia, tano. Nikasakinisha v4 kwenye kompyuta ya dukani, yeye akakaa na daftari lake akalinganisha ujumbe kwa ujumbe hadi alasiri, na msimamizi alipouliza kama hesabu sasa inakubali, Hajati akajibu wote tena:

"Imepona. Ijumaa nangoja mabugo."