Tarakimu 48, na Spika Imewashwa

Kwanza nikanushe: sikulia. Aliyesambaza kwenye magrupu kwamba fundi wa ofisi kalia mbele ya wateja ni yule wa mapokezi, na kompyuta yake nimeirudisha mkiani mwa foleni, asubiri. Machozi yalikuwa ya mwanga wa skrini. Tuendelee.

Mnajua Windows 10 ilikatiwa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi yetu ndogo ina mashine za kila umri, hadi ya mhasibu yenye Windows 7, iliyoachwa mkono tangu Januari 2020 na ambayo yeye anailinda kama kifungua mimba wake. Nikamwambia bosi tunahamia Windows 11. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikaongeza kwamba vurugu yote hii ni urithi wa fundi aliyenitangulia. Nilimsema yule kaka kwenye chai, nikamsema kikaoni, nikamsema hadi kwa mlinzi. Likumbukeni hilo la mlinzi.

Mashine nyingi zilijikataa zenyewe, maana Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu inayotunza funguo za siri za mashine, na prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8 karibu zote haizikubali. Ya bosi ilikuwa na kila kitu. Secure Boot tu, kinga inayozuia programu zisizoaminika kuwaka pamoja na mashine, ilikuwa imezimwa, nami nikaona niiwashe kabisa ndipo nianze. "Mama, ni dakika chache tu," nikamwambia, wateja wake wawili wameshakaa wakisubiri mkataba wao ufunguliwe.

Nikaingia BIOS, kule kwenye mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, nikawasha, nikahifadhi. Kompyuta ikazima, ikawaka. Bluu.

Si bluu ya kuharibika, afadhali ingekuwa hiyo. Ilikuwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, inaomba ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa msimbo, na TPM ikiona mipangilio ya kuwasha imebadilika haitoi ufunguo. Inajua kuna mwizi. BitLocker husimamishwa kwanza ndipo mtu aguse BIOS. (Wenzangu wa IT mlioshika vichwa, shikeni kimyakimya.)

Ufunguo uko wapi? Kwenye akaunti iliyotumika kuiandaa mashine. Akaunti ya nani? Mmeshajua.

Bosi akapiga simu, akaiweka spika, akailaza mezani katikati ya wateja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Fundi wetu hapa amekwama."

"Aaa, mtaalamu! Yupo?"

"Nipo kaka. Tupo kwenye spika," nikawahi.

"Vizuri. Na wengine wasikie."

Akataka nimsomee herufi nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo hapo kwenye skrini. Nikasoma. Kimya. Nikasikia anakunywa kitu. Kisha akaanza: makundi nane, tarakimu sita kila kundi, moja moja, hana haraka ya kwenda popote.

"Sita. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Umeandika nini, mtaalamu?"

"Sita."

Kufika kundi la pili, mteja mmoja akawa anaitikia. La nne, wote wawili. La tano, mtu akakohoa, tarakimu ikanipita.

"Kaka, samahani, rudia hilo."

"Lipi? Lile la vurugu niliyowaachia?"

Jamani. Mlinzi, kumbe, ni shemeji yake. Nilikodolea kibodi macho utadhani inanidai. Bosi akakohoa, safari hii kwa makusudi.

Nikamaliza. Nikabonyeza. Ikakataa.

"Hebu nisomee ulichoandika," akasema, kwa upole wa kuua. Nikasoma zote 48 kwa sauti, jasho linashuka mgongoni, na nilipofika kundi la tatu mteja, MTEJA, akanyoosha mkono: "Hapo alitaja saba mbili." Nikaongeza saba niliyoila, nikafuta iliyozidi mwishoni. Ikafunguka. Wakapiga makofi. Yule wa mapokezi alikuwa mlangoni, simu juu.

Jioni ndipo nikasoma kwamba kila kundi la ufunguo ule hugawanyika kwa 11 bila baki. Yaani ningejihakiki kwa kikokotoo, kimya, bila kumsomea mtu.

Mengine yalipita haraka. Windows 11 imeingia, ufunguo umechapishwa na uko kabatini kwa bosi, mkataba ulisainiwa. Mashine ya mhasibu nimeichomoa kwenye intaneti, salamu yake sijaipata tena. Kaka naye ametuma ankara: "Huduma ya kusoma namba." Bosi ameilipa siku hiyohiyo. Yangu ya mwezi uliopita bado anaiangalia.