Mkono Unaotafuta Swichi Gizani

Usiku wa kwanza katika nyumba niliyohamia, niliamka kwenda kunywa maji. Mkono ukanyooka wenyewe hadi ukutani, upande wa kulia wa mlango, usawa wa bega, usikute kitu. Ukuta mtupu, wa baridi. Nikabaki nimesimama nikipapasa. Swichi ilikuwa nje ya mlango, kushoto. Kwa wiki mbili nzima mkono uliendelea kwenda kulia, kisha siku moja ukaenda kushoto bila mimi kuutuma, na tangu hapo sikuiwaza tena swichi ile.

Nimehama mara nne maishani, na kila mara wiki hizo mbili za mwanzo ndizo ninazozikumbuka kuliko miaka iliyofuata. Nasikia kila mlio wa bomba. Najua ngazi ipi inalia ukiikanyaga. Halafu mazoea yanaingia na macho yanafumba. Mwaka 1971 mwanasayansi John O'Keefe alionyesha kwamba ndani ya ubongo wa panya zimo seli zinazosisimka pale tu mnyama anapofika mahali fulani. Ukimhamishia mahali pengine, seli hizo hujipanga upya na kuchora ramani nyingine. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Nikiyasoma hayo naelewa kwa nini kuhama kunachosha hata ambaye hakubeba boksi hata moja. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati yake. Nadhani mazoea ndiyo namna yake ya kubana matumizi.

Na nishati ndiyo iliyonifanya niandike. Siku ile ya kuhama, gari lililobeba mizigo yetu liliishiwa petroli njiani. Tulikuwa watatu. Tukashuka, tukalisukuma hadi kituo cha mafuta, umbali ambao garini hata usingemaliza sentensi. Viatu vinateleza, mabega yanauma, kila mwinuko mdogo wa barabara unaujua kwa mapaja. Tulipofika, mhudumu akatia mafuta, dereva akawasha, na mzigo wote ule ukaondoka kama unyoya.

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Injini hupoteza kama robo tatu yake kwa joto, na bado kinachobaki ni sawa na kazi ngumu ya mtu mmoja kwa siku tatu au nne. Nilikuwa nikizijua hesabu hizo zamani. Sikuwahi kuzihisi mpaka nilipoliegemea gari lile kwa bega.

Ndiyo maana nasema mafuta, gesi na makaa ya mawe ni nyumba tuliyoizoea. Kwa jumla vinabeba takriban asilimia 80 ya nishati inayotumika duniani, na mkono wetu unajua swichi ilipo. Hatuoni gesi asilia ndani ya mbolea, wala makaa ya mawe ndani ya chuma. Siku tutakayoamka na kukuta ukuta mtupu, wengi tutapapasa.

Watu waliwahi kuonja hilo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliweka vikwazo, na katika miezi michache bei ikapanda karibu mara nne. Uholanzi ikapiga marufuku magari ya binafsi siku za Jumapili, kuanzia tarehe 4 Novemba mwaka huo. Watu wakatoka na baiskeli, wengine kwa miguu, wakatembea katikati ya barabara kuu. Barabara ilikuwa ileile. Nazitazama picha zake mara kwa mara, na nyuso zile nazifahamu: ni nyuso za watu waliohamia nyumba mpya bila kubeba mzigo.

Sijui kesho italeta nini, na siwaamini wanaodai wanajua. Mwanajiolojia Mmarekani M. King Hubbert alitabiri mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa mafuta Marekani ungefika kilele karibu na mwaka 1970, na kweli ulifika. Akaonekana nabii. Kisha mbinu ya kupasua miamba ili kutoa mafuta yaliyonaswa ndani yake ikabadilisha mambo, na mwaka 2018 uzalishaji ukavuka kilele kile. Upande wa pili, paneli za sola zilishuka bei kwa karibu asilimia 90 katika miaka ya 2010, kasi ambayo wachache waliitarajia. Nafurahi kwa dhati. Lakini jua linazama kila siku, na betri bado ni nzito: kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati zaidi ya mara 30 ya kilo moja ya betri za kawaida za lithiamu. Tena ndege inayochoma mafuta inazidi kuwa nyepesi njiani, ilhali yenye betri inatua na uzito uleule iliorukia. Safari ndefu za angani zitakuwa kati ya vitu vya mwisho kubadilika, na pengine zitakuwa adimu.

Hilo la mwisho, kusema kweli, haliniumizi sana. Nimewahi kuvuka bara zima usiku kwa ndege, pazia limeshushwa, nikaamka nimefika. Sikusafiri, nilihamishwa. Safari ninazozibeba moyoni ni za basi na treni, ambapo udongo unabadilika rangi taratibu na lafudhi za wanaopanda zinageuka kituo baada ya kituo. Tembea uone, wanasema wazee, nao walimaanisha kwenda kwa mwendo unaoruhusu macho kufanya kazi.

Siku hizi, Jumapili jioni, nazima swichi kuu ya nyumba kwa saa tatu. Watoto walilalamika mwanzoni. Sasa wao ndio wanaonikumbusha. Jumapili iliyopita nilitoka chumbani gizani, na mkono ukanyooka tena wenyewe, kushoto, ukaibonyeza swichi. Haikuwaka. Nikauacha mkono pale ukutani kwa muda, nikisikiliza sauti za watoto sebuleni wakisimuliana hadithi.