Acha Kutafuta Ulinzi Usio na Tundu

Kila toleo jipya la Madden, gemu ya futiboli ya Marekani, likitoka, swali la kwanza mtandaoni huwa lilelile: ni mpangilio gani wa ulinzi unaozuia pasi zote? Watu wanataka waoneshwe mmoja tu, waubonyeze dauni (jaribio la kusogeza mpira) baada ya dauni, na kwotabeki, yule mrushaji wa pasi wa upande wa pili, achanganyikiwe. Majibu hayakosekani, na kila anayejibu anaapa kwamba wake haupenyeki. Mimi nasema haupo, na anayeendelea kuutafuta ataendelea kuchapwa.

Hesabu yenyewe inakataa. Uwanja wa futiboli ya Marekani una upana wa yadi 53 na ushei, na timu ina watu 11. Ukituma wanne wamkimbilie kwotabeki, unabaki na saba wa kukaba. Ukiita Kava 3, watatu wanarudi nyuma kabisa na kugawana upana wote, kila mmoja yadi kama 18. Wanne waliobaki mbele yao wanagawana uwanja uleule, yadi 13 hivi kwa kila mtu, na pasi kali haimsubiri mtu azikimbie zote. Kava 2 inakupa watano mbele, lakini wale wawili wa nyuma wanabebeshwa karibu yadi 27 kila mmoja. Kava 4 inaweka wanne nyuma na watatu mbele, kwa hiyo pasi fupi za ubavuni ni kama umezigawa bure. Ukiziba huku, kunafunguka kule. Kinachobaki mikononi mwako ni kuchagua tundu lipi uliache, kisha ulilinde mwenyewe kwa padi.

Na hapo kwenye kulilinda mwenyewe ndipo wengi wanapopotea. Mtu anashika mchezaji wa mstari wa mbele, anaminya kitufe cha kasi, anagongana na majitu yanayomlinda kwotabeki, na huku nyuma pasi imeshapita. Raha yake naielewa, maana kumwangusha kwotabeki ni kutamu kuliko kusimama katikati ya uwanja ukisubiri. Lakini kazi ya kusukumana mbele kompyuta inaifanya vizuri bila wewe. Isichoweza ni kukumbuka tabia ya mtu. Mkabaji wa kompyuta anakaa kwenye zoni yake, yaani eneo alilopangiwa, na kumjibu anayeingia humo. Hajui kwamba mpinzani wako kila akibanwa hurusha pasi ya kukatisha katikati. Wewe umeshaiona tabia hiyo tangu robo ya kwanza. Mshike lainibeki wa kati basi, yule anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, au seifti, mkabaji wa nyuma kabisa, ukiwa na macho mepesi, uwe pale anapopapenda.

Chukua dauni ya tatu, zimebaki yadi nane kati ya kumi anazotakiwa kuzipata kwa dauni nne. Mpinzani kapanga wapokeaji watatu upande wa kulia, wewe umeita Kava 3. Mpira unaanzishwa. Yule wa nje anakimbia moja kwa moja na kumvuta konabeki wako, mkabaji wa pembeni kabisa, hadi nyuma. Wa pili anapanda yadi 12 hivi, kisha anakata kuelekea mstari wa pembeni. Wa tatu anachomoka mfupi ubavuni. Mkabaji wako wa ubavuni yuko peke yake na ana watu wawili: akimshukia mfupi, nyuma yake ni wazi, akirudi nyuma, mfupi anapokea bila kuguswa. Huu ndio mtego mkongwe wa Kava 3, kila mtu anaujua, na bado unaua watu kila siku.

Jibu lake linaanza kabla mpira haujaanzishwa. Yule mfupi, mwache apokee. Yadi nne au tano hazimfikishi popote dauni hiyo, na konabeki atakuwa amegeuka kuja kumkamata. Gemu inakuruhusu kuagiza wakabaji wa ubavuni warudi kina gani, kwa hiyo warudishe. Kisha lainibeki wako mpeleke upande uleule, ila usimfuate mpokeaji. Simama kwenye njia ya mpira, kati ya kwotabeki na mahali mpokeaji atakapofika. Ukimganda mpokeaji, unampa mrushaji picha rahisi ya kusoma; ukikaa hatua chache pembeni, unaonekana kama umezubaa, naye anarusha. Pasi nyingi za kunaswa zinatokana na kuonekana umezubaa.

Wapenzi wa blitzi hawatanielewa. Kwao kila tatizo la pasi lina dawa moja, ongeza watu mbele. Hesabu inarudi palepale: wanaoruhusiwa kupokea pasi ni watano, na ukituma sita umebakiza watano, mmoja kwa mmoja, bila seifti hata mmoja nyuma. Dhidi ya mgeni wa gemu ni mauaji. Dhidi ya anayejua kumbakiza mkimbiaji mmoja kumlinda kwotabeki na kurusha pasi fupi ya haraka, ni tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja) ya yadi 70 huku ukitazama mgongo wa mpokeaji. Blitzi iwepo, lakini iwe adimu. Anayeiona kila dauni haimshtui tena.

Kukaba mtu kwa mtu nako nakutumia kwa kubana matumizi, kwa sababu kunajianika mapema. Mpinzani anamhamisha mpokeaji mmoja kutoka kushoto kwenda kulia kabla ya mpira, mkabaji wako anamfuata kama kivuli, na siri imeisha. Kinachofuata ni wapokeaji wawili kupishana katikati, wakabaji wanagongana, na mmoja wao anatoka huru.

Napenda zaidi ule mpangilio uliopewa jina la Tampa. Asili yake inarudi hadi timu ya Pittsburgh Steelers ya miaka ya 1970, lakini waliouvumisha ni Tampa Bay Buccaneers chini ya kocha mkuu Tony Dungy na kocha wa ulinzi Monte Kiffin, mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni Kava 2 yenye nyongeza moja: lainibeki wa kati hakai mbele, anakimbia kurudi nyuma kuziba pengo kati ya seifti wawili. Dungy alikuwa ameshaondoka timu hiyo ilipoichapa Oakland Raiders 48 kwa 21 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Januari 2003, lakini Kiffin alikuwepo bado na ulinzi ulikuwa wake. Siku ile Buccaneers walinasa pasi tano na kurudisha tatu kati yake hadi tachidauni. Sasa tazama linalotokea kwenye gemu. Mtu anauita mpangilio huo kwa jina lake, anamshika huyohuyo lainibeki wa kati, halafu anabaki naye mbele akinusanusa pasi fupi. Mpira unapita juu ya kichwa chake, na lawama zinaenda kwa gemu eti inadanganya. Ulimtoa mtu kwenye kazi yake, nani aifanye?

Wenye subira wajifunze pia zoni zinazobadilika, aina ambayo makocha Nick Saban na Bill Belichick waliifanyia kazi wakiwa Cleveland Browns mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkabaji anaanza na eneo, lakini mpokeaji akipanda moja kwa moja, anabebwa mtu kwa mtu. Dhidi ya wanaotuma wapokeaji wanne mbio hadi mwisho wa uwanja, sijaona kitu bora. Kuzisoma kunachosha, nakubali, na maelezo ndani ya gemu yenyewe ni haba. Nenda kwenye sehemu ya mazoezi, cheza wewe upande wa mashambulizi, uone nani anamfuata nani.

Karibu na goli lako, yaani ndani ya yadi 20, mengi ya haya yanalegea, kwa kuwa mstari wa nyuma unakukabia bila malipo. Hapo Kava 4 haina haja ya kuhofia mpira mrefu, na wale wanne wa nyuma wanaweza kusogea mbele.

Dakika mbili za mwisho ndipo ninapoona uzembe mkubwa kuliko wote. Unaongoza kwa pointi nne, mpinzani hana muda wa mapumziko wa kusimamisha saa hata mmoja, anahitaji tachidauni. Watu wanarudisha kila mtu nyuma kabisa na kumwachia pembeni, naye anapokea, anatoka nje ya mstari, saa inasimama. Mpe katikati! Akipokea pale na kuangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kula sekunde zake huku timu yake nzima ikikimbia kujipanga upya. Konabeki wako wakae upande wa mstari wa pembeni, na wewe na seifti wako mkae nyuma ya kila mpokeaji, hata kama kila pasi inakugharimu yadi 12.