“Namba si sahihi”: fomu za mtandaoni ziwe kali kiasi gani?

Nakili namba kutoka kwenye orodha ya majina ya simu yako, tuseme +255 700 000 000, kisha ibandike kwenye fomu ambayo kisanduku chake kimewekewa kikomo cha herufi 10. Kinachobaki ni “+255 700 0”. Alama ya kujumlisha, tarakimu tatu za nchi, nafasi, tarakimu tatu, nafasi, sifuri moja: 10 zimetimia, zilizozidi zimekatwa kimyakimya. Ukibonyeza kitufe cha kutuma, maandishi mekundu yanakuambia “Namba ya simu si sahihi”. Aliyenakili haoni sababu ya kuikagua upya, kwa kuwa anajua ilikotoka. Anabonyeza tena, anajibiwa vilevile.

Aliyeijenga fomu hiyo alitarajia 0700000000, tarakimu 10, akaweka kikomo ili mtu asizidishe. Hapo ndipo unapoanzia ubishi wa siku nyingi kati ya wajenzi wa tovuti. Je, fomu imlazimishe mtu kuandika jinsi mashine inavyotaka, au impokee alivyoandika kisha mashine ijipange yenyewe? Kila upande una hoja nzito, na kila upande huharibu kazi pale unapoifanya hoja yake kuwa sheria ya kila kisanduku.

Wanaotetea upole wana asili ya kale. Mwaka 1980, Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, alipoandika maelezo ya itifaki ya TCP, yaani utaratibu wa kompyuta kupelekeana data, aliweka kanuni kwamba programu iwe makini katika inachotuma na iwe na uvumilivu katika inachopokea. Miongozo ya usanifu ya GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, inafuata njia hiyo kwenye namba za simu: mwache mtu aandike kwa mtindo aliouzoea, pokea nafasi, vistari na mabano. Sababu yao inaeleweka. Nafasi katikati ya namba humsaidia binadamu kusoma, na kuiondoa kunamgharimu mjenzi mstari mmoja tu wa msimbo. Iweje kazi ya mstari mmoja wapewe maelfu ya watu waifanye kwa vidole?

Tazama namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu ya 8, 5, 5 na 2 yaliyotenganishwa kwa vistari, fungu la kwanza likiwa tarehe ya kuzaliwa. Pamoja na vistari vyake vitatu inakuwa na herufi 23. Kisanduku chenye kikomo cha 20 kitapokea mafungu matatu ya kwanza kamili, kisha kitagoma. Kinachoonekana kwenye kioo ni namba iliyoishia vizuri, mwisho wa fungu, na mtu anaweza kuitazama mara tano asigundue kwamba tarakimu mbili za mwisho hazikuingia. Fomu imetengeneza kosa, kisha ikamlaumu mtumiaji kwa kosa hilo.

Gharama yake haiishii kwenye kero. Fomu nyingi zikikataa kisanduku kimoja hujipakia upya na kufuta vyote, pamoja na picha ya cheti iliyokwisha kupandishwa, na bando linaliwa mara ya pili. Anayeshindwa mara ya tatu huenda steshenari, au saiba kwa wenzetu wa Kenya, akalipa mtu amjazie. Huko anaacha namba ya kitambulisho, barua pepe na mara nyingi nywila yake. Kwa hiyo ukali uliowekwa kwa jina la usalama unaweza kumsukuma mtu kukabidhi siri zake zote kwa asiyemjua. Jambo hili halitajwi vya kutosha mijadala hii inapofanyika.

Hata hivyo wanaotetea ukali si watu wa kupuuzwa. Wanaishi na kile kinachoingia. Hifadhidata iliyopokea kila kitu bila kusafisha huwa na mtu mmoja mara tatu: 0700000000, 255700000000 na +255700000000. Mfumo wa kutuma ujumbe mfupi unakubali mtindo mmoja tu, hivyo taarifa inayotumwa kwa maandishi mawili kati ya hayo matatu haifiki. Ofisi inapofungua orodha hiyo kwenye Excel, mambo yanazidi. Sifuri ya mwanzo inapotea. Namba ya tarakimu 12 inaonyeshwa kama 2.557E+11. Namba ya kitambulisho yenye tarakimu 20 ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri. Ukihifadhi faili hilo, zile tano za mwisho hazirudi tena. Namba za simu na vitambulisho zihifadhiwe kama maandishi kuanzia kwenye fomu hadi kwenye faili, maana hakuna anayezijumlisha wala kuzigawa.

Wana hoja nyingine pia. Mwaka 2023 wahandisi wa intaneti walitoa waraka, RFC 9413, unaoihoji kanuni ya Postel: uvumilivu wa leo hugeuka desturi ya kesho, makosa hayarekebishwi kwa sababu hayamwumizi yeyote mara moja, na kila programu mpya inalazimika kuyabeba. Waraka huo unahusu mashine kuzungumza na mashine, lakini anayetunza daftari la wanachama wa SACCOS au la wagonjwa wa zahanati ataelewa mara moja. Na palipo na pesa, kukisia ni hatari tupu. Tarakimu moja ikikosewa, malipo yanakwenda kwa mtu mwingine. Ndiyo maana huduma nyingi za pesa kwa simu huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuomba namba ya siri.

Kwa maoni yangu, swali la kuuliza kwa kila kisanduku ni hili: alichoandika mtu kina maana ngapi? Kikiwa na maana moja, mashine isafishe bila kumsumbua. Kikiwa na maana mbili, iulize. Kisipokuwa na maana hata moja, ndipo ikatae, na iseme kwa nini.

Tuipitishe kanuni hiyo kwenye simu. Nafasi, vistari na mabano: maana moja, ondoa. Ondoa pia alama zisizoonekana ambazo wakati mwingine huja na namba iliyonakiliwa kutoka orodha ya majina. Macho hayazioni, ila uhakiki unazihesabu. “+255 0700 000 000” ni kosa la kawaida pale +255 ilipokwisha kuandikwa pembeni ya kisanduku na mtu akaendelea na sifuri aliyoizoea. Sifuri hiyo haina kazi baada ya msimbo wa nchi ya Tanzania, kwa hiyo ondoa. Lakini “0712” kwenye fomu inayohudumia Kenya na Tanzania kwa pamoja? Mwanzo huo ni halali katika nchi zote mbili. Hapo mashine ikikisia imekosea hata ikipatia; lazima nchi ichaguliwe.

Ukali nao huchakaa. Kenya ilipoanza kutoa namba zinazoanzia 010 na 011, fomu zilizoandikiwa 07 peke yake ziliwakataa watu wenye laini halali kabisa. Fomu inayodai tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi inafaa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, lakini inamfungia nje ndugu aliye Bujumbura au Muscat, kwa kuwa namba za Burundi na Oman zina tarakimu nane na hazianzi na sifuri. Familia ya Unguja inayotaka kaka yao wa Oman alipe ada ya shule mtandaoni inakwama kwenye kisanduku cha kwanza.

Barua pepe inafundisha jambo hilohilo. “gmail.con” haipo, kwa hiyo pendekeza .com. “gmail.co” inaonekana kosa, lakini .co ni mwisho halali wa anwani, ni wa Kolombia. Usiibadilishe mwenyewe. Uliza chini ya kisanduku “Ulimaanisha gmail.com?” na kitufe cha kukubali, kisha mwache apite hata akikataa.

Kwenye majina ndipo ukali unapoumiza kwa undani. Ng'ang'a, Nyong'o, Ng'ombe: alama ya ritifaa hapo ni sehemu ya herufi, na anayeiondoa amebadilisha sauti na jina. Bado zipo fomu zinazojibu “Jina lina herufi zisizoruhusiwa”. Utetezi unaotolewa ni kwamba alama hiyo inaweza kutumika kuvamia hifadhidata. Hatari hiyo ni ya kweli, ila tiba yake haiko kwenye jina la mtu. Iko kwenye msimbo, ambako amri ya hifadhidata huandikwa peke yake na data hupelekwa kando, ili alichoandika mtu kisisomwe kamwe kama amri. Mfumo unaokataa ritifaa kwa kuogopa uvamizi unatangaza kwamba kazi hiyo huenda haijafanyika. Dalili nyingine ni cheti kinachotoka kimeandikwa Ng'ang'a: alama imegeuzwa kwa usalama mara mbili badala ya mara moja, wakati wa kuhifadhi na tena wakati wa kuonyesha.

Kuruhusu ritifaa peke yake hakutoshi, na hapa wakali wana haki ya kulalamika. Kibodi ya iPhone huweka alama iliyopinda (’) mahali pa ile iliyonyooka ('), na wengine huandika ile iliyoinama ya pembeni (`). Kwa macho ni jina moja, kwa mashine ni majina matatu, na karani akitafuta hapati. Suluhisho ni kutunza nakala mbili. Moja iwe kama mtu alivyoandika, ya kuchapwa kwenye cheti. Nyingine iwe ya kutafutia, iliyogeuzwa kuwa herufi ndogo na ritifaa zote kufanywa za aina moja. Jina likitakiwa kulingana na kitambulisho, linganisha kwa nakala ya pili, na tofauti ikibaki onyesha majina yote mawili ili mtu aone inatofautiana wapi.

Kisanduku cha lazima cha “jina la kati” ni kisa kingine. Asiye nalo huandika nukta, au hurudia jina la baba, na nukta hiyo huja kuchapwa kwenye tiketi. Ukali umezalisha uchafu uleule uliokusudia kuuzuia.

Yapo na madogo ya kurekebisha ndani ya dakika. Kwenye msimbo wa ukurasa, kisanduku cha simu kipewe aina ya type="tel", ambayo hufungua kibodi ya tarakimu na kupokea alama ya kujumlisha; type="number" huikataa alama hiyo, na kwenye kompyuta gurudumu la kipanya linaweza kubadilisha namba bila mtu kujua. Maandishi ndani ya kisanduku yasipungue pikseli 16, la sivyo iPhone huvuta ukurasa kila unapogusa. Uhakiki usubiri mtu amalize na kutoka kwenye kisanduku. Kumwonyesha wekundu akiwa kwenye tarakimu ya pili ni kumkatiza anayezungumza. Na ujumbe useme kilichopungua: “Namba hii ina tarakimu 9 kuanzia 07, zinatakiwa 10.”

Kuna kisanduku kimoja ambacho mimi niko upande wa wakali bila kusita: cha saa. Mswahili anayeandika “saa 2” kwenye fomu ya miadi ya zahanati anaweza kuwa anamaanisha 08:00. Mwenzake aliyezoea saa ya simu anamaanisha 14:00. Maandishi ni yaleyale, maana ni mbili, na hakuna akili ya mashine itakayojua nani ni nani. Tafsiri za haraka huongeza mtego zinapogeuza AM kuwa “asubuhi” bila kugusa tarakimu. “8:00 asubuhi” bado mtu ataishtukia, kwa sababu saa nane ya asubuhi haipo. Lakini “1:00 asubuhi” inasomeka vizuri kabisa kama saa moja, jua likiwa limechomoza, ilhali mashine imemaanisha saa saba usiku.

Kwa hiyo hapo mtu asiachiwe aandike. Apewe vitufe vyenye saa zote mbili: “Saa 2:00 asubuhi, 08:00”, “Saa 8:00 mchana, 14:00”. Kwa tiketi za usiku hata vitufe hivyo havitoshi, maana siku nayo ina utata. Kwa wengi wa pwani “usiku wa Jumatatu” ni ule unaoanza Jumapili jua likizama, wakati kwa kalenda ya simu ni ule unaofuata baada ya mchana wa Jumatatu. Basi linaloondoka 00:30 tarehe ya Jumatatu liandikwe kwenye kitufe, na tena kwenye ujumbe wa uthibitisho, “Saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumatatu, 00:30, fika kituoni Jumapili saa 5:30 usiku, 23:30”.