Usanifu wa tovuti uanze kufundishwa kwenye simu ya mteja

Kijana wa Mtwara au Lindi anayetaka kuishi kwa usanifu wa grafiki za tovuti mara nyingi huanzishwa na mabango: harusi, mahafali, ufunguzi wa duka. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini bango likishachapwa limeisha. Ukurasa wa tovuti hujipanga upya kwenye kila simu, na anayeufungua kule Newala au Nachingwea anaulipia kwa bando lake.

Chukua bango la upana wa pikseli 1080 (pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha), lenye maelezo ya herufi za pikseli 24. Kwenye kompyuta yanasomeka vizuri tu. Liweke kwenye tovuti, kisha lifungue kwa simu ambayo kivinjari chake kinahesabu upana wa pikseli 360. Picha imebanwa mara tatu na herufi zimebaki na pikseli 8. Mnunuzi hasomi bei mpaka avute kwa vidole, na wengi hawavuti, wanaondoka. Kwa hiyo maandishi yaandikwe kwa HTML, lugha ya kujengea kurasa za tovuti, yasichorwe ndani ya picha, na yaanzie pikseli 16.

Uzito wa picha ndiyo mada inayopitwa haraka kuliko zote, na inaniuma. Picha ya korosho iliyopigwa kwa kamera ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4000 hivi na megabaiti kadhaa. Wanafunzi wengi huipunguza kwa CSS pekee, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa: inaonekana ndogo, lakini faili zima limepakuliwa vilevile. Ipunguze kwanza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, iwe na upana wa pikseli 1200, uihifadhi kwa JPEG, aina ya faili inayobana picha, yenye ubora wa 75 hadi 80. Mara nyingi itashuka hadi kilobaiti mia mbili au tatu, na macho hayataona tofauti. Usihifadhi picha ya kamera kwa PNG, aina ya faili isiyopunguza ubora, italemea bure. Nembo ichorwe Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, na itolewe kwa SVG, faili la mistari badala ya pikseli, haitachakaa hata ikikuzwa.

Rangi nazo: faili lililoandaliwa kwa CMYK, rangi za wino za mtambo wa kuchapa, hupotoka rangi kwenye kivinjari, fanya kazi kwa RGB, rangi za mwanga wa skrini. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe hayaonekani kabisa kwenye jua la saa saba mchana. WCAG, kiwango cha kimataifa cha tovuti zinazofikika kwa wote, kinataka tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake.

Wiki za mwanzo ziwe za HTML na CSS, programu za kuchorea zifuate. GIMP na Inkscape ni za bure na hazihitaji intaneti zikishasakinishwa, Figma, programu ya kusanifu kurasa, inaitegemea.

Kabla ya kulipa ada popote, omba viungo vya kazi za wahitimu, uzifungue kwenye simu yako. Ukioneshwa picha za mabango tu, tafuta mwalimu mwingine. Nawe ukianza kutafuta wateja, chama cha msingi cha wakulima au nyumba ya wageni ya Mikindani, wapelekee ukurasa unaofunguka, na uwatajie uzito wake.