Tahadhari, Tahadhari: Kihisi cha Sumaku Kilivyonichoma kwa Mwenye Nyumba

Kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya mtu anayeruka ukuta, naomba niwaeleze mwenyewe yaliyotokea Ijumaa ile mwenye nyumba alipokuja. Swahiba wangu kashamwaga ubuyu kwenye kila grupu, na kwa kuongeza ladha anasema nilitokea dirishani nikaacha ndala. Muongo. Dirisha langu lina nondo, hata paka hapiti. Nilikuwepo mwanzo mwisho, nimekaa kitandani, nasikiliza. Ningekuwa na pa kurukia ningeruka.

Mnaijua nyumba yetu ya Tabata na mnamjua Mzee, mwenye nyumba. Kodi anaitaka ya miezi sita kwa mpigo, na akija kuidai anakuja na lile Land Cruiser lake la enzi hizo, chuma juu, chuma chini. Zamani tulikuwa tunalisikia tangu kona ya duka, kila mtu anapata muda wa kujipanga. Halafu akalipeleka kwa fundi, likatulizwa mlio, likawa linaingia kimyakimya. Jioni moja akamkuta mama wa maandazi uani anahesabu hela za mauzo. Hakubakiziwa hata ya unga.

Hapo ndipo kiherehere changu kilipoamka.

Nikashuka Kariakoo nikanunua kihisi cha sumaku, kibao kidogo cha kukaa kwenye kidole gumba. Muuzaji kaniapia kuwa ni HMC5883L. Nikakiunga na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, kwa nyaya nne, nikapiga `i2cdetect -y 1`, amri ya kuuliza kifaa gani kimeungwa, nikasubiri kuona 1e, anwani ya HMC. Ikajitokeza 0d. Wale wenzangu wa vyuma mshaanza kucheka, najua. Ni QMC5883L, mtu tofauti kabisa, rejista zake, yaani vijumba vyake vya kuwekea namba na amri, haziko pale zilipo za mwenzake, na ukifuata maelekezo ya HMC utakaa unasoma upuuzi mpaka asubuhi. Nilikaa. Nilipokuja kushtuka nikaandika amri zake za kukiandaa na kukiwasha, `i2cset -y 1 0x0d 0x0b 0x01`, nikafuatisha `i2cset -y 1 0x0d 0x09 0x01`, kikaanza kutema vipimo kumi kila sekunde. Raha niliyoisikia hapo siwezi kuisimulia mbele za watu.

Kwa wasioelewa: dunia yenyewe ni sumaku. Uga wake, yaani nguvu yake ya sumaku inayotuzunguka, huku juu ya ardhi ni kati ya maikrotesla (kipimo cha nguvu hiyo) 25 na 65 kutegemea ulipo, na sisi wa Dar tuko upande wa chini, thelathini na kitu. Gari likija, chuma chake kinaupinda ule uga, namba zinayumba. Na athari yake inakufa upesi sana: ukilisogeza gari umbali mara mbili, inabaki kama moja ya nane. Kwa hiyo magari ya barabarani hayanisumbui, bodaboda inazichezesha namba kidogo tu, nondo za dirisha hazitembei kwa hiyo hesabu inazitoa. Land Cruiser likikanyaga kizingiti cha geti, namba zinapagawa. Mtu wa miguu hasomeki kabisa.

Hilo la mtu wa miguu lishikeni.

Nikakifukia kihisi getini ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Pi nikaiweka kwenye kontena la chakula nyuma ya makopo ya maua, pamoja na pawabenki ili umeme ukikatika ulinzi uendelee. Spika ikawa sabufa ya mama wa maandazi kwa bluetooth, maana chumba chake kiko katikati ya korido. Sauti nikaitoa kwenye espeak, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ambayo Kiswahili inakijua, ila inakisoma kama padri wa kizungu anayetangaza ndoa. Maneno tuliyatunga wapangaji wote, usiku, kwa vicheko:

"Tahadhari. Tahadhari. Jibaba lenye kitambi limeingia getini. Zimeni taa. Fungeni milango. Asiye na kodi asikohoe."

Nikaagiza lirudiwe mpaka gari litoke. Kisha, kwa kujiona fundi, nikaiweka skripti, yaani programu yangu ya kutangaza, iwe huduma ya systemd, msimamizi wa programu ndani ya Pi, na kuandika `Restart=always`, yaani hata ikiuawa, ifufuke yenyewe. Tulijaribu na gari la mteja wa maandazi, ikaitika. Wiki ile nilikunywa chai na maandazi bila kudaiwa, watoto wananiita injinia.

Sasa Ijumaa.

Imeshaswaliwa magharibi, niko chumbani nimefungua laptop, nimeingia kwenye Pi, naangalia namba zinavyopita. Mlango ukagongwa kwa adabu. Nikajua ni dogo wa chumba cha pili anakuja kuomba chaja. "Pita tu, uko wazi!"

Akapita Mzee. Kanzu, kofia, tasbihi mkononi. Kwa miguu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari anakuja nalo kijana, kapitia sheli. Nikaona nitangulie tu taratibu, nijisalimie."

Nikamkaribisha kiti, nikampa maji. Laptop nilitaka kuifunika lakini macho yake yalishafika. "Na hizo namba zinazokimbia ni za nini?"

Jamani, kuna maswali mtu unatakiwa ujibu "za chuo" ukanyamaze. Mimi nikaanza kuhutubia. Nikamwambia uga wa dunia, nikamwambia maikrotesla, nikamwambia hiki ni kama dira, ila badala ya sindano kinatoa namba na unakiamrisha kwa kuandika. Mzee akasogeza kiti.

Nilichosahau ni kwamba Mzee kabla ya kujenga hizi nyumba alikuwa baharia. "Dira mimi nimelala nayo," akasema. "Melini chuma kinaipotosha. Ndiyo maana pembeni ya dira kuna yale matufe mawili ya chuma, ya kurekebisha. Sasa hiki chako kikikutana na chuma kikubwa, tuseme gari?"

Nikafungua mdomo. Nje ikalia honi, moja, fupi.

Geti likaburuzwa. Nikalisikia, krrrr, lote. Kwenye skrini, namba zilizokuwa zinatambaa kwa heshima zikaruka. Mzee akazinyooshea kidole, uso umemchangamka. "Umeona! Zimeshtuka! Chuma hicho!"

Sekunde kama mbili hivi za ukimya. Nilizitumia kumuomba Mungu bluetooth ikatike. Siku zote inakatika. Siku zote!

"TAHADHARI. TAHADHARI."

Mzee akageuza shingo taratibu kuelekea koridoni.

"JIBABA LENYE KITAMBI LIMEINGIA GETINI."

Mlango wangu ulikuwa umebaki wazi, kwa hiyo aliona yote. Taa ya korido, ta. Mlango wa chumba cha kwanza, pwaa. Wa pili, pwaa. Komeo. Wa tatu. Dogo alikuwa anatoka bafuni na ndoo, akaitua pale pale na kurudi bafuni. Mtoto wa chumba cha mwisho akauliza kwa sauti ya ajabu, "Mama, jibaba limeshafika?" kisha akazibwa mdomo, tukausikia mkono ukimziba.

"ASIYE NA KODI ASIKOHOE."

Mzee akakohoa. Sidhani kama alikusudia.

Nikaruka kwenye kibodi, `pkill -f tangazo`, amri ya kuiua skripti. Sauti ikakatikia kwenye "lenye kita". Nikashusha pumzi. Haikufika hata nusu ya pumzi: "TAHADHARI. TAHADHARI." Kutoka mwanzo! Ndiyo `Restart=always` hiyo, inafufuka, inalikuta gari bado limekaa juu ya kihisi, inatangaza upya. Nikaua tena. Ikafufuka. Nikataka kuandika `systemctl stop`, ya kuisimamisha huduma isifufuke, vidole vina jasho, nikaandika `sotp`, ikanijibu haiijui amri hiyo. Na kila nikiua, jibaba linaingia upya, kitambi kinatajwa upya, Mzee anasikiliza kwa utulivu wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Nikakimbilia nje kuchomoa pawabenki. Tairi la mbele la Land Cruiser limekaa juu ya makopo ya maua, na kijana wake kashaondoka na ufunguo kwenda kununua vocha. Nikarudi koridoni gizani, nikagonga kwa mama wa maandazi. "Mama, fungua, zima sabufa!"

Kimya. Kisha, kwa kunong'ona: "Sipo."

Niliporudi chumbani Mzee alikuwa amejishika tumbo, analitazama. "Mwanangu," akasema, "na kitambi nacho kinasomeka kwa sumaku?"

Na mimi, badala ya kuomba radhi kama mtoto aliyelelewa, nikamjibu kitaalamu. "Hapana Mzee, mwili hausomeki. Ni gari tu."

Yaliyobaki ni mafupi. Amri niliipatia baadaye, sauti ikazimika, kijana akarudi na vocha. Mzee akanyanyuka, akapita mlango kwa mlango mwenyewe, anagonga kwa tasbihi na kusema kwa ile ile sauti ya espeak, "Tahadhari, tahadhari, jibaba limeingia." Walifungua wote. Nusu ya kodi ikalipwa usiku ule ule kwa kukopana, nyingine mwisho wa mwezi. Maandazi ya mkopo nimesimamishiwa. Dogo wa bafuni hanisalimii. Mzee hakunifukuza, kasema kihisi kibaki pale pale, ila akipita kitamke "Karibu Mzee," na Ijumaa ijayo atakuja na dira yake ya zamani tuzilinganishe.

Mnaojaa inboksi kuomba skripti, tulieni, nairekebisha kwanza. `Restart=always` nimeiondoa. Na kile kitambi nimekifuta, angalau kwenye faili.