Miwani peke yake haitoshi

Mwandishi wa makala kuhusu vijana wanaowamulika madereva wa treni kwa vitochi vya leza ashukuriwe kwa kulileta jambo hili, ila pendekezo lake kwamba madereva wa treni wapewe tu miwani ya kuzuia leza lina kasoro kubwa. Leza nyingi wanazochezea vijana ni za kijani. Miwani inayoukata mwanga huo, isipokuwa ile inayochuja ukanda mwembamba sana wa rangi, hufifisha pia taa ya kijani ya ishara za reli. Dereva atajikinga na leza halafu asiione vizuri taa inayomruhusu kupita!

Usiku mboni za macho zimepanuka. Mwale ukigonga kioo cha mbele chenye vumbi na mikwaruzo, hutawanyika, kioo kizima kikawaka kijani. Treni ya abiria ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, hufika kilomita 120 kwa saa, yaani mita 33 hivi kila sekunde. Akitiwa kiwi kwa sekunde tatu tu, ameshakwenda mita 100 bila kuona, na nyuma yake wamo mama zetu na watoto wanaorudi Mombasa.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2018: ukimmulika dereva wa treni kwa leza ukamtia kiwi, kifungo ni hadi miaka 5. Kwetu tuanzie vibandani, leza kali zisiuzwe kama vitu vya kuchezea. Wazazi wa Miritini na Mazeras, huku kwetu karibu na reli, nawasihi, mkimwona mtoto nayo mnyang'anyeni leo hii. Na dereva aliyemulikwa apumzishwe, apimwe macho kabla ya kurudi kazini.